Posho ya Miezi 36, Mama Anaiita Mshahara

Kwako Daktari,

Salamu kutoka Kisumu. Nasikia ulifundisha chuo kikuu miaka mingi kabla ya kustaafu, ndiyo maana nimeona nikuandikie wewe. Mchungaji wetu nilimweleza, akanishauri nifunge na kuomba. Nimefunga. Shida ziko palepale.

Nina miaka 29. Nyumbani ni Luanda, kaunti ya Vihiga, nami ndiye kifungua mimba katika watoto watano. Baba alitutoka nikiwa mwaka wa pili chuoni. Baada ya shahada ya uzamili nilifundisha Biolojia na Kemia katika shule moja ya upili hapa mjini, mwalimu aliyeajiriwa na bodi ya shule. Mshahara ulikuwa mdogo lakini ulikuja. Septemba iliyopita nikapata ufadhili wa kusomea uzamifu: karo inalipwa moja kwa moja chuoni, utafiti una bajeti yake, na mimi napokea posho ya shilingi 70,000 kwa mwezi kwa miaka mitatu. Siku barua ilipofika nililia kwa furaha. Sasa miezi minane imepita na bado nalia.

Utafiti wangu ni wa mbu wa malaria katika mashamba ya mpunga ya Ahero. Nataka kujua kwa nini dawa ya vyandarua haiwaui kama zamani. Nina wasimamizi wawili. Wa kwanza anataka nichunguze jeni za mbu. Anasema hakuna jarida la maana litakalopokea majaribio ya mirija peke yake. Wa pili anasema kazi ya jeni ni ghali na itanimaliza, nifanye mirija, nihesabu mbu waliokufa, niandike tasnifu niende zangu. Kila mmoja ananiambia faraghani. Wa kwanza nikimwandikia barua pepe, jibu huja baada ya wiki tatu au lisije kabisa. Pendekezo langu la utafiti limezunguka kati yao tangu Januari, na sasa mvua ya masika inanyesha, mbu wamejaa Ahero, nami sina kibali cha kuingia hata nyumba moja.

Maabarani nako si kwema. Mwezi uliopita stima ilipotea wikendi nzima, jenereta haikuwa na mafuta, mbu niliokuwa nawafuga wakafa karibu wote. Waliobaki wakaliwa na sisimizi. Tafadhali usicheke.

Nyumbani, Mama alisimama kanisani akashukuru Mungu kwamba binti yake ameandikwa kazi na wazungu. Tangu siku hiyo simu hailali. Mdogo wetu wa nne yuko kidato cha tatu na karo yake natoa mimi. Paa la Mama linavuja. Baba mdogo anataka nimsaidie kumalizia kibanda cha kuku wa biashara. Nikisema sina, Mama ananiuliza mshahara wa daktari huenda wapi. Na posho yenyewe haijaingia kwa miezi miwili. Nimekopa kwa simu, nikakopa tena kulipa ule mkopo wa kwanza, na bado sijaanza kulipa mkopo wa HELB, ile bodi ya mikopo ya wanafunzi, niliosomea shahada ya kwanza.

Mwalimu mkuu wa shule niliyoacha amenipigia. Anataka nirudi jioni na Jumamosi kwa shilingi 20,000 kwa mwezi. Mchumba wangu yuko Eldoret na wazazi wake wameanza kuuliza tarehe. Halafu kuna rafiki yangu tuliyesoma naye uzamili, yeye yuko Ujerumani, anaweka picha amesimama karibu na mashine ambazo mimi nimezisoma tu kwenye makala. Nikiziona najiuliza kama kweli nilistahili nafasi hii.

Daktari, niache nirudi kufundisha?

Mama Mbu, Kisumu

*

Mama Mbu, binti yangu,

Kuhusu sisimizi nilicheka, nisamehe. Kila anayefuga mbu amewahi kulishwa hasara na wadudu hao. Weka kila mguu wa rafu ndani ya kopo la maji yenye sabuni au mafuta kidogo, na hakikisha rafu haigusi ukuta wala waya wowote hauning'inii juu yake, maana watapitia huko. Hilo limekwisha.

Umepanga shida zako kwa namna zinavyouma. Mimi nitazipanga kwa namna zinavyokula muda, kwa sababu mfadhili amekupa miezi 36 na 8 imekwenda. Wanafunzi niliowaona wakikwama vibaya hawakukwama mwaka wa kwanza. Walikwama mwezi wa 37: posho imekatika, data iko nusu, tasnifu ni sura mbili, mtu anarudi darasani kutafuta riziki na kuandika usiku akiwa amechoka, na miaka mitatu inageuka saba. Kila unaloniuliza nitalipima kwa mwezi huo wa 37. Na jibu la swali lako la mwisho ni hapana, usiache. Ila kuna tarehe nitakupa hapa chini, na ikifika mambo yakiwa hivi hivi, kuna hatua ya kuchukua.

Tuanze na wasimamizi, kwa sababu hapo ndipo miezi yako inapovuja. Umewaweka fahali wawili kila mmoja katika zizi lake, na kila mmoja anadhani zizi ni moja nalo ni lake. Wewe unatembea katikati ukibeba maneno. Acha. Omba kikao kimoja cha watu watatu, dakika 45, ana kwa ana au kwa simu ya video, na usiende mikono mitupu. Nenda na pendekezo lako mwenyewe. Nitakwambia lipi ningepeleka mimi.

Wote wawili wana haki, na hawako mbali kama unavyodhani. Jaribio la mirija la WHO ni rahisi kwelikweli: mbu jike wa siku tatu hadi tano, saa moja kwenye mrija wenye karatasi iliyotiwa dawa, kisha unahesabu waliokufa baada ya saa 24. Wakifa chini ya asilimia 90, usugu umethibitika. Lakini jaribio hilo linakwambia dawa imeshindwa, halikwambii kwa nini, nawe umeniandikia kwamba swali lako ni hilo la kwa nini. Kwa hiyo wa kwanza ana hoja. Wa pili naye ana hoja kwamba kusoma jenomu nzima kunaweza kuimeza bajeti yako kabla ya mwaka wa pili.

Katikati yao kuna njia. Fanya mirija kwa pairethroidi (dawa ya vyandarua, jamaa wa kutengenezwa wa pareto ile iliyolimwa Nakuru na Kisii), kisha urudie mbu wengine ukiwapitisha kwanza kwenye PBO, kemikali inayozima vimeng'enya ambavyo mbu hutumia kuvunja dawa mwilini. Dawa ikianza kuua tena baada ya PBO, umeshajua vimeng'enya vina mkono, na hujagusa jeni hata moja. Wasipokufa, tafuta kdr, yale mabadiliko ya jeni yanayoifanya dawa isishike neva za mbu, kwa PCR ya kawaida, kipimo cha kunakili DNA ambacho si ghali. Na hapa mkumbushe msimamizi wako wa pili kwa adabu kwamba PCR haikwepeki hata kwa mpango wake: Anopheles gambiae na Anopheles arabiensis hawatofautishwi kwa macho, hata ukitumia hadubini nzuri, na hakuna atakayechapisha hesabu zako bila kujua ulikuwa unahesabu mbu yupi. Kwa hiyo hifadhi kila mbu, aliyekufa na aliyepona, kila mmoja katika kichupa chake chenye chembe za silika, na namba inayolingana na daftari lako. Ni kazi ya kuchosha lakini gharama yake ni ndogo, na inakuachia mlango wazi wa kazi ya jeni mwaka wa pili pesa zikiruhusu.

Siku hiyohiyo ya kikao, kabla hujalala, waandikie wote wawili barua pepe moja yenye mliyokubaliana. Mistari sita inatosha. Hiyo ndiyo itakayokulinda mwakani mmoja akisahau.

Sasa huyu asiyejibu. Nimekuwa upande ule wa meza, nitakwambia tunavyosoma barua za wanafunzi: kwenye simu, kati ya mkutano na mkutano. Ukimtumia pendekezo la kurasa 40 na neno "naomba maoni yako", ataliweka la baadaye, na baadaye haifiki. Mwandikie hivi: "Prof., habari za kazi. Nimeambatisha ukurasa mmoja. Naomba uamuzi wako juu ya mambo mawili: idadi ya vijiji, na kama nianze na viluwiluwi au mbu wazima. Nisipopata maoni kufikia Ijumaa ijayo, nitaendelea na vijiji vinne na viluwiluwi, kisha nikujulishe." Hakuna utovu wa adabu hapo. Unampa nafasi ya kusema hapana, na kazi inasonga akinyamaza. Kila Jumatatu, mtumie aya moja ya ulichofanya wiki iliyopita, ajibu asijibu.

Lakini pia uliza, kimyakimya, ana wanafunzi wangapi wa uzamifu. Miongozo ya Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu ya 2014 inamruhusu mhadhiri kusimamia watatu kwa mwaka. Kama wako tisa, unajua ukimya unatoka wapi, na unajua pia kwamba hautabadilika kwa maombi. Tarehe niliyokuahidi ni mwisho wa Oktoba. Ikifika pendekezo halijapita idarani, andikia ofisi ya masomo ya uzamili na uzamifu uombe kubadilishiwa msimamizi wa kwanza, ukiambatisha zile aya za Jumatatu. Mwanafunzi mwenye kumbukumbu husikilizwa. Mwenye malalamiko tu huambiwa avumilie.

Mvua. Masika ya mwaka huu imekupita, usiifukuze. Lakini Ahero si kijiji cha kungoja mvua: maji ya mpunga yanatoka mto Nyando, na mbu wanafuata majaruba kuliko mawingu. Nenda uongee na wakulima na wasimamizi wa maji, ujue ni lini watafurika mashamba na kupandikiza. Kalenda hiyo ndiyo yako. Panga uwe tayari kabla ya vuli, Oktoba hadi Desemba, na uhesabu kurudi nyuma: idara, ofisi ya masomo ya juu, kamati ya maadili, leseni ya utafiti ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, barua za kaunti, kisha chifu na wahamasishaji wa afya ya jamii wa kijiji. Kila mlango unataka karatasi ya mlango uliotangulia, kwa hiyo ukichelewa mmoja umechelewa yote. Fomu za ridhaa zitafsiriwe Kidholuo mapema, na mtu mwingine azirudishe kwa Kiingereza kulinganisha. Kamati hupenda kuliuliza hilo, na wengi hulijua siku ya kurudishiwa faili.

Ningeanza na viluwiluwi. Unawachota kwa kata kwenye majaruba, unawalea hadi wawe wazima, na kwa mirija hao ndio wanaofaa zaidi maana umri wao unaujua. Ruhusa ya mwenye shamba na leseni bado unahitaji, lakini huingii chumba cha mtu anapolala, na maswali ya kamati yanapungua sana. Mitego ya taa ndani ya nyumba iwe awamu ya pili.

Na wakati unangoja karatasi? Fanya mazoezi kwa mbu wa maabara. Kuna jamii ya Anopheles gambiae inayofugwa katika maabara za nchi nyingi kama kipimo cha mbu asiye na usugu, na jina lake ni Kisumu. Mtafiti wa Uingereza au Ufaransa akitaka kujua kama karatasi yake ya dawa inafanya kazi, huijaribu kwanza kwa mbu wa Kisumu. Tafuta mayai yake, ufuge, urudie jaribio mpaka mikono izoee. Mbu wa kulinganishia, wale wasioguswa na dawa, wakifa zaidi ya asilimia 20, jaribio lote linatupwa. Afadhali utupe sasa kuliko ukishasafirisha viluwiluwi kutoka Ahero kwa bodaboda.

Kisha gawa jamii yako mara mbili. Usifuge mbu wako wote chini ya jenereta moja. Wako watu wanaofuga mbu kule Kisian kwenye kituo cha KEMRI, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba, na kule Mbita kwenye kampasi ya icipe, kituo cha utafiti wa wadudu. Jitambulishe kwao sasa, ukiwa huna shida, ili siku stima ikipotea uwe na wa kumwomba mayai. Mayai husafiri vizuri juu ya karatasi ya chujio yenye unyevu. Hapo Mbita, kwa taarifa yako, ndipo watafiti walipofuatilia kijidudu cha Microsporidia MB, kinachoishi ndani ya mbu na kumzuia asibebe vimelea vya malaria. Makala yake ilitoka 2020 na mbu wenyewe walikuwa wa huku kwetu. Rafiki yako wa Ujerumani ana mashine, sikatai, na kama anachunguza mbu huenda anangoja kifurushi kutoka kwa mtu kama wewe. Mwombe mfanye kitu pamoja badala ya kuhesabu picha zake.

Sasa pesa, ambazo najua ndizo zinazokukosesha usingizi.

Mama hajakosea kufurahi. Ameambiwa nusu ya habari, akaijaza nusu nyingine mwenyewe. Usimweleze kwa simu. Panda matatu Jumamosi moja uende Luanda, baba mdogo awepo, umwambie tarehe: pesa hizi zinaanza Septemba ile na zinaisha Agosti ya mwaka fulani, baada ya hapo hakuna hata shilingi, hakuna marupurupu ya kustaafu wala barua ya kazi. Beba barua ya ufadhili yenyewe, umwonyeshe mwezi wa mwisho. Wazee wetu wanaelewa kitu chenye mwisho, wamekodisha mashamba maisha yao yote. Wasichoelewa ni "sina" isiyo na maelezo, hasa kutoka kwa mtu anayeitwa daktari kanisani.

Kisha chagua kitu kimoja, na kwa maoni yangu kiwe karo ya huyo wa kidato cha tatu. Ilipe moja kwa moja kwa akaunti ya shule kila muhula. Kina mwisho unaojulikana, na hakuna atakayesema hukusaidia. Paa ni la watoto wote. Umeniambia mko watano, wewe wa kwanza na huyu ni wa nne, lakini sijasikia neno juu ya wa pili na wa tatu. Wako wapi? Waite kwenye kikao hicho hicho, hata kama watatoa mabati mawili kila mmoja. Kuku wa baba mdogo mwachie baba mdogo.

Posho iliyochelewa: usikae ukingoja. Muulize ofisa wa ufadhili, kwa maandishi, malipo yanafunguliwa na nini. Mara nyingi ni ripoti ya maendeleo yenye sahihi ya msimamizi, na nashuku yako imelala kwenye meza unayoijua. Kama ndivyo, ichape, ipeleke kwa miguu, ngoja mlangoni. Ikiingia ya miezi miwili kwa pamoja, lipa kwanza mikopo ya simu yote uifute, kisha uishi kana kwamba posho huchelewa daima, yaani weka kando ya mwezi mmoja usiiguse. Pia usilipie utafiti kwa posho. Nauli ya Ahero, vichupa, karatasi, chakula cha wasaidizi, vyote vina bajeti. Weka risiti, na kwa bodaboda asiye na risiti andika daftari akutilie sahihi. Wanafunzi wengi huifadhili miradi ya wafadhili wao bila kujua.

Toa shilingi 8,000 kila mwezi kwa ajili ya mwezi wa 37. Kwa miezi 28 iliyobaki ni 224,000, zaidi ya posho ya miezi mitatu, na hiyo ndiyo miezi utakayoandikia sura ya mwisho bila kumwomba mtu. Ziweke kwenye mfuko wa uwekezaji unaorudisha pesa kwa siku chache. Amana za Sacco hazifai kwa kazi hii, maana kwa kawaida kuzipata lazima ujiondoe uanachama.

HELB usiwanyamazie. Faini ya asiyelipa ni shilingi 5,000 kwa mwezi, na hiyo peke yake inaweza kula zaidi ya nusu ya akiba yako. Waandikie wewe kwanza, ueleze uko masomoni kwa posho, mkubaliane kiasi unachoweza. Na kwa kuwa posho si mshahara, hakuna mwajiri anayekukatia bima. Bima ya afya ya SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, utajilipia mwenyewe, na asiye na mshahara hulipa ya mwaka mzima kwa pamoja, kuanzia kiwango cha shilingi 300 kwa mwezi. Unaingia mashamba ya mpunga kutafuta mbu wa malaria, binti yangu. Lipa.

Mwalimu mkuu mjibu hapana, kwa shukrani. Shilingi 20,000 zinavutia mwezi huu kwa sababu posho imechelewa, lakini anachonunua ni jioni na Jumamosi, saa zilezile ambazo mbu wako wanataka damu, sukari na kuhesabiwa baada ya saa 24. Soma pia mkataba wako wa ufadhili, wafadhili wengi hukataza kazi nyingine ya malipo na wengine hudai kurudishiwa pesa. Ukiwa na njaa ya kufundisha, na najua wapo walio nayo, omba idara ikupe kusimamia mazoezi ya maabara ya wanafunzi wa mwaka wa pili. Inalipa kidogo, iko chini ya paa lilelile, na inasaidia siku ya kutafuta kazi ya uhadhiri.

Jambo moja hukuliuliza. Miongozo ile ya 2014 inataka makala mbili katika majarida yanayopitiwa na wataalamu kabla ya kuhitimu. Mapitio yanaweza kuchukua nusu mwaka au zaidi kwa makala moja, kwa hiyo ya kwanza iwe mikononi mwa jarida kabla ya mwisho wa mwaka wa pili. Matokeo ya mirija na PBO yanaweza kuwa makala hiyo. Jarida likikuahidi kuchapisha ndani ya wiki moja kwa ada ya M-Pesa, likimbie. Majarida makubwa hutoza ada kubwa zaidi, ila wachapishaji wengi huwapunguzia watafiti wa nchi kama yetu, mradi uombe siku unayowasilisha makala, si baada ya kukubaliwa.

Kuhusu kustahili: kamati ya ufadhili ilisoma maombi ya watu wengi ikachagua yako. Hawakuwa wanakufanyia hisani. Mbu kufa wakati stima imepotea si alama ya akili yako.

Na harusi. Kuoa na kuolewa ni juu yenu wawili, na mtu anayengoja Eldoret kwa subira anastahili kujua ratiba yako ya mashamba kabla wazazi wake hawajakodi hema. Msiweke tarehe kati ya Oktoba na Desemba mwaka huu. Kuhusu mtoto, wako wafadhili wanaosimamisha hesabu ya miezi kwa likizo ya uzazi na wako wasiosimamisha, na tofauti hiyo ni kubwa kwako kuliko kwa mwanamume aliye maabara moja nawe. Uliza wako wanafanyaje, pata jibu kwa maandishi, na uliulize sasa ukiwa huna mimba, wakati swali bado ni la kawaida tu.